Koti Litafuata

Nguo zile nilizishona mimi, na naanza kwa kusema zilikuwa nzuri. Watu wakisikia habari za mchezo ule huniuliza nilikubalije, kana kwamba niliketi na Waingereza wa zaidi ya miaka mia iliyopita tukautunga pamoja. Mimi ni fundi cherehani. Mtu akiniletea kitambaa na vipimo, nashona. Mengine ni mjadala wa watu ambao asubuhi hawana pa kwenda.

Karakana yetu iko Doornfontein, Johannesburg, ghorofa ya pili, na kila mwaka miezi ya baridi tunashonea chama kimoja cha wapenda michezo ya kuigiza kwa nyimbo. Wengi wao ni wazee, Wazungu karibu wote, watu wa pensheni na viungo vinavyouma, lakini wakipanda jukwaani husahau magoti. Mwongozaji wao alikuwa mwalimu mstaafu, mpole, mwenye tabia ya kuomba radhi kabla hajakosea. Mwaka huo alinijia na bahasha ya michoro, akaniambia wamechagua mchezo wa kale, wa enzi ambazo nyanya yake alikuwa msichana.

Alinieleza kwamba zama hizo London ilikuwa imeshikwa na wazimu wa michezo ya namna hiyo. Mambo hutokea Mashariki, kwenye nchi iliyo chini ya Mwingereza. Kuna Gavana mwenye tumbo, kuna maofisa wa meli wenye vifungo vya shaba, kuna bustani yenye taa za karatasi, na kuna wasichana wa huko ambao kazi yao ni kuchekacheka nyuma ya pepeo. Binti wa Kiingereza hukimbia posa asiyoitaka, hujifanya mwenyeji wa kisiwa, na hakuna anayemtambua mpaka dakika kumi za mwisho. Kisha wote huoana na pazia hushuka. Michezo hiyo ilisafirishwa kwa meli hadi kila mji wenye Waingereza wa kutosha kujaza ukumbi, na Johannesburg ya wachimba dhahabu ilikuwa mmojawapo. Mzee aliniambia nyanya yake aliutazama huu huu akiwa na miaka kumi na saba, akarudi nyumbani akiimba.

Kisiwa chenyewe hakimo kwenye ramani yoyote. Nilikijua hivyo nilipoitandaza ile michoro juu ya meza ya kukatia. Msichana wa kisiwani alikuwa na kola ya Kichina, mikono mipana ya Kijapani, mkanda wa Kihindi kiunoni, na huku chini, nikaiweka miwani vizuri, suruali ya marinda iliyobanwa kifundoni, ile ile aliyovaa bibi yangu mzaa mama kwenye picha pekee tuliyo nayo. Nikamwuliza mzee, huyu ni mtu wa wapi? Akasema, wa Mashariki. Nikamwambia hata mimi natoka mashariki, mashariki ya Afrika. Akacheka kwa adabu, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Zamani, alisema, wasichana wa kisiwani walikuwa Wazungu waliopakwa rangi usoni. Siku hizi hilo haliwezekani, na yeye mwenyewe hakulitaka. Kwa hiyo walikuwa wanatafuta sura. Vijana wawili wa Kihindi kutoka Lenasia walishapewa nafasi za Wachina. Binti yangu alikuwa amekuja kunichukua tuondoke, amesimama kwenye pasi anainyoosha lesi kunisaidia, anaimba chini kwa chini. Mzee akanyamaza akasikiliza. Akamwomba apandishe sauti kidogo. Wiki iliyofuata binti yangu alikuwa msichana wa kisiwani mwenye wimbo wa peke yake, kwa sababu, alisema mzee, alikuwa na sura ya visiwani. Mtoto huyu baba yake ni wa Soweto na mama yake ni wa Tanga. Kisiwa pekee alichowahi kukiona kilikuwa kwenye kalenda ya benki.

Sasa niseme kwa nini niliutaka ule wimbo kuliko yeye. Binti yangu alikuwa na miaka ishirini na tatu, anapokea simu za wateja wenye hasira kwenye kampuni ya bima, na alikuwa na sauti. Kuna shule ya uimbaji Cape Town ambayo kila mwaka humtuma mwalimu mmoja azunguke kusikiliza vijana, si kwenye chumba cha mtihani bali mahali wanapoimba mbele ya watu. Mwaka uliotangulia binti yangu alisikilizwa kanisani kwa rafiki yake, akaganda, hakutoa neno. Ukifika miaka ishirini na nne hawakupokei kwa ufadhili, na bila ufadhili sisi hatuna la kusema. Mwalimu alikubali kuja Jumamosi moja mchana kutazama ule mchezo. Wimbo wa dakika nne, siku moja, kisha basi. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yetu nyumbani, na kila mtu aliijua.

Baba yake alikataa kuja. Huyu ni mtu aliyeishi kambini Morogoro miaka ya ujana wake, akipigania nchi hii iwe yake, akanioa huko, akanileta huku ilipofunguka. Kiswahili chake bado ni cha Morogoro, ila akikasirika huchanganya na Kizulu.

"Hayi," alisema mezani. "Sikukaa uhamishoni nirudi nikate tiketi nimwone Gavana. Aende. Simzuii. Lakini mimi siendi kumwona mtoto wangu akivunjavunja Kiingereza wapate kucheka."

"Ni dakika nne," nikamwambia.

"Hata mimi nilikamatwa kwa dakika nne."

Na kusema kweli alikuwa amegusa penyewe. Wimbo ulikuwa wa kuchekesha. Msichana wa kisiwani anaeleza, kwa Kiingereza kilichovunjwa makusudi, kwamba ofisa wa meli alimpa kifungo kimoja cha koti lake, akamwambia, kitunze, koti litafuata. Meli ikaja, koti halikuja. Akaja ofisa mwingine, naye akampa kifungo, naye akasema koti litafuata. Ubeti kwa ubeti vifungo vinaongezeka. Mwisho msichana anahesabu vidoleni, amepata kumi na viwili, vinatosha koti zima, limebaki koti tu. Hapo ndipo ukumbi hupasuka kwa kicheko. Kila ubeti anatakiwa apepese macho, akosee maneno, ajikwae kwenye suruali.

Nilicheka kwenye mazoezi. Sitajificha. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya jukwaa na pini mdomoni, nikaisikia ile hesabu ya vidole, na nikacheka mpaka nusura nimeze pini. Ni wimbo uliotungwa vizuri na watu waliojua kazi yao. Binti yangu aliniona. Alirudia kujikwaa mara nne mpaka mzee aliporidhika.

Wiki ya onyesho mzee aliniletea tiketi saba za Jumamosi mchana, maana viti vilikuwa havijajaa, akaniomba nami siku hiyo nikae ukumbini nitazame kazi ya mikono yangu. Nami nikafanya kosa. Ningewapa majirani wa Troyeville, watu wa kukaa na kupiga makofi. Badala yake nikawapa wanawake wenzangu wa Tanga na Unguja, wale tunaokutana Jumapili kusoma maulidi na kusengenyana. Walikuwa wamemjua binti yangu tangu anatambaa. Nikaona haya kuwanyima.

Kwa asiyejua, nieleze. Kwetu mwimbaji hasikilizwi kwa kukaa tu. Maneno yakikuingia unainuka, unakwenda mbele kwa madaha, unamtunza: noti mkononi, au unamfunga leso yako, kanga uliyojitanda, kisha unarudi taratibu ili kila mtu akuone. Huo si usumbufu. Mwimbaji asiyetunzwa hurudi nyumbani analia. Na ukiona mwimbaji anafanyiwa kejeli, unainuka hata kama wimbo haukuhusu, ili ukumbi ujue kwamba ana wenyewe.

Shoga yangu mkubwa, mwanamke wa Tanga anayeuza vitumbua na chai Jeppestown karibu na hosteli, ndiye nahodha wa wote. Nilimfuata mahsusi nyumbani kwake.

"Shoga, huko hakutunzwi," nikamwambia. "Mnakaa kimya. Makofi ni mwisho."

"Hata mtoto akiimba vizuri?"

"Hata akiimba vizuri."

"Ajabu. Na mcheza kwao hutunzwa."

"Hapo si kwao."

Akaninyooshea kikombe cha chai, akaniangalia kwa jicho lake lile. "Kwao ni wapi, basi? Tanga hapajui. Kizulu cha baba yake akikisema wanamcheka. Hebu nioneshe huko kwao tukamtunzie."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia kuna mwalimu anakuja, kuna shule, mtoto alishaganda mara moja, akiona watu wanamjia jukwaani ataganda tena na itakuwa mwisho wake. Nikamwambia sitamsamehe mtu. Hilo alilielewa. Akaapa, akasema amesikia, kwani wao washamba? Nikaondoka nikiwa na nusu ya amani.

Nusu hiyo nayo iliondoka Ijumaa. Binti yangu hunijibu kwa Kiingereza tangu aanze shule; Kiswahili anakisikia chote lakini anakitoa kwa kubanwa. Alinikuta jikoni akaniuliza ni kweli kina mama wanakuja. Nikasema wanakuja. Akakaa chini.

"Mama, plizi. Asiinuke mtu. Nakuomba. Yule mwalimu akiona vurugu, eish, nimekwisha."

"Hatainuka mtu. Nimewaambia."

"Ahidi."

Nikaahidi.

Jumamosi saa nane mchana tulikuwa ukumbini. Wanawake sita, wamenukia udi kuanzia kwenye taksi, nguo zimepigwa pasi, kila mmoja na leso mabegani. Kwenye baraza watu walitugeukia kwa tabasamu la heshima, wengine wakidhani sisi ni sehemu ya mchezo. Niliwaingiza kwenye mstari wao mmoja mmoja, nikakaa mimi mwisho, kwenye kiti cha kando ya njia. Nilikichagua makusudi. Anayetaka kwenda mbele lazima apite kwenye magoti yangu.

Mwalimu alikuwa mistari miwili mbele yetu. Mzee alinionesha kwa kidole: mwanamke mfupi, nywele za mvi zimekatwa chini, daftari pajani, kalamu tayari. Tangu hapo sikuitazama nguo hata moja. Nilitazama ile kalamu.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Gavana alisahau maneno, watu wakampenda zaidi. Maofisa waliimba wakiwa wamenyooka ndani ya makoti yangu. Shoga alikuwa akiwatafsiria wenzake kwa kunong'ona, na kila niliposikia mnong'ono mwili ulinichoma. Nilimkanyaga mguu mara mbili. Mara ya pili akaniambia, "Shoga, una nini leo? Tulia."

Kisha piano ikaanza ule mdundo wa kurukaruka, naye akatoka. Hakuganda. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, mama wa Kizungu wa mstari wa mbele akageuka. Binti yangu alipepesa macho, akajikwaa panapotakiwa, ubeti wa kwanza ukatoka wote, safi, na ukumbi ukacheka. Kicheko kizuri, kipana. Nikamtazama mwalimu. Aliandika. Nilifurahi, na nami nikacheka, kwa nguvu kidogo, nikitaka asikie kwamba wimbo umefika. Nilicheka kumsaidia mtoto wangu. Ndivyo nilivyojiambia.

Upande wangu wa kulia hakucheka mtu. Nikageuka. Wanawake watano walikuwa wameinamia midomo ya shoga, naye anawapa maneno: alimpa kifungo, akasema koti litafuata, meli ikaja, koti halikuja. Mmoja wao, mwembamba wa Unguja ambaye mume wake alikwenda Durban kwa wiki mbili miaka tisa iliyopita, alikuwa ameziba mdomo na leso. Hawakuisikia ile lafudhi iliyovunjwa. Kiingereza chao wenyewe kinavunjika, kwa hiyo hapo hapakuwa na cha kuchekesha. Walilisikia jambo lenyewe. Msichana ameahidiwa, amedanganywa, na watu mia mbili wanamcheka.

Ubeti wa pili. Ofisa wa pili, kifungo cha pili. Watu wakacheka zaidi, na mwanamume mmoja nyuma yetu akapiga paja. Shoga akaweka mkoba chini.

"Usithubutu," nikamwambia.

"Niachie nipite."

"Umeapa."

"Niliapa kuhusu wimbo. Hukuniambia kama mtoto anachekwa."

Akainuka. Nikamshika leso. Niliikamata pindo kwa mikono miwili, nikavuta kwa nguvu zote, mwanamke mzima niliyemzidi umri kwa mwaka mmoja tu, mbele za watu. Akanitazama kutoka juu. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Akaiachia leso ikabaki mikononi mwangu, akageuka upande wa pili, akapita kwenye magoti ya wenzake hadi ncha nyingine ya mstari. Nilikuwa nimelinda mlango mmoja tu. Na wale watano wakainuka nyuma yake.

Walikwenda kwa madaha. Hawakukimbia, hawakuinama kama watu wanaochelewa. Walikwenda kwa mwendo wa harusini, mkono mmoja juu na noti kati ya vidole, mabega yakifuata mdundo ambao piano haikuwa inaupiga. Ukumbi ukacheka tena, wakidhani ni sehemu ya mchezo, kisha kicheko kikalegea, kikakatika vipandevipande. Mpiga piano, bibi wa miaka themanini hivi, aliinua mikono juu ya meno ya piano akaiacha hewani. Kwenye ukingo wa pazia niliziona mvi za mzee. Mwalimu aliacha kuandika.

Mimi nilikuwa nimekaa. Naandika hili kwa sababu hakuna mwingine atakayeliandika. Nilikuwa nimekaa na leso ya mwenzangu mapajani, shingo nimeizamisha mabegani, na nilichokuwa nikikiomba ni kwamba yule mwalimu asijue kwamba watu wale ni wangu.

Shoga alifika jukwaani, pale penye ngazi tatu, akapanda. Akamwekea binti yangu noti kiganjani, akakifumba kile kiganja kwa mikono yake miwili, akateremka. Wa pili vivyo hivyo. Yule wa Unguja hakuwa na noti. Alivua leso yake mabegani akamfunga kiunoni, juu ya mkanda wangu wa Kihindi, akakaza fundo, akampangusa shavu. Binti yangu alisimama tuli. Nikajua ameganda. Nikahesabu pumzi zake kutoka kule nilikokaa, nikaona kila kitu kimekwisha, shule, ufadhili, mwaka, na rohoni mwangu nilimlaani kila mwanamke wa Tanga aliyewahi kupanda basi kuja nchi hii.

Wa mwisho alipoteremka, binti yangu alikunja magoti kidogo. Sijui alikitoa wapi kitu kile. Harusini kwetu hapa mjini alikuwa akinuna kwenye kona na simu yake. Lakini alikunja magoti, akaweka mkono wa kulia kifuani, kama wafanyavyo waimbaji wetu wakishatunzwa, na akafanya lile ambalo mwimbaji aliyetunzwa hulifanya. Akaurudia wimbo tangu ubeti wa kwanza.

Aliurudia bila piano, polepole, maneno yale yale. Hakuyavunja. Hakupepesa macho wala kujikwaa. Ofisa alinipa kifungo, akasema koti litafuata. Akaimba wa pili, akaimba wa tatu, akaenda hivyo hadi kwenye hesabu, na alipohesabu vifungo vidoleni hadi kumi na viwili sikusikia hata mtu akikohoa. Bibi wa piano aliingia mwishoni kabisa, kwa mkono mmoja, akimfuata. Limebaki koti tu, aliimba, na akaondoka jukwaani akiwa na leso ya watu kiunoni.

Makofi yalikuja kwa kuchelewa. Wengine walipiga sana, wengine walikuwa wakitazamana, na yule wa kupiga paja alitoka nje. Wanawake walirudi mstarini wakakaa. Shoga hakuniomba leso yake, wala sikuthubutu kumpa.

Wakati wa mapumziko mzee alinikuta kwenye baraza, uso umemwiva. Kwa mara ya kwanza hakuomba radhi. "Tiketi nilikupa mimi," alisema. "Ulijua kuna nini leo." Nikamwambia nilijua. Akatikisa kichwa, akaondoka, akarudi hatua mbili, akataka kusema kitu kingine, akakiacha. Sehemu ya pili sikuiona. Nilisimama choo cha wanawake nikiwa nimefungua bomba la maji, nikijitayarishia maneno ya kumwambia mtoto, na yote yalianza kwa kulaumu wengine.

Pazia liliposhuka nilikwenda chumba cha kuvalia. Mwalimu wa Cape Town alinitangulia. Alikuwa amesimama mlangoni na daftari limefungwa, anasema na binti yangu kwa sauti kavu ya mtu mwenye ndege ya kuwahi. Alimwambia sauti za juu ni nyembamba. Pumzi zake ni mbaya, anapumua mabegani. Haya yote yanafundishika. Atatumiwa fomu, azijaze wiki hii, masomo huanza Januari. Akanipita, akaniambia, "Nguo nzuri," akaenda zake.

Nilitaka kupiga vigelegele. Sikuvipiga, maana binti yangu hakuwa akiruka wala kulia. Alikuwa amekaa kwenye stuli amenipa mgongo, akingoja nimfungue. Vishikizo vya vazi lile viko nyuma, ishirini na viwili, nilivishona mwenyewe kwa mkono, na mtu hawezi kujifungua peke yake. Nikaanza juu, shingoni.

"Umeingia," nikamwambia. "Mwanangu, umeingia."

"Nimesikia."

Nikafungua vitatu au vinne. Kiooni niliweza kuona kidevu chake tu.

"Nilikuona," akasema. Alisema kwa Kiswahili, polepole, akilitafuta kila neno. "Ulimshika leso. Ulimvuta."

"Wewe ndiye uliyesema asiinuke mtu. Jana, jikoni. Ulinifanya niahidi."

"Ndiyo. Nilisema."

"Basi?"

Nilisikia watu wakicheka kwenye korido, maofisa wa meli wakivua makoti yangu na kupongezana. Mikono yangu ilikuwa imesimama katikati ya mgongo wake.

"Lakini walikuwa wananicheka, Mama," akasema. "Kila aliyepanda ngazi nilimtazama nyuma yake. Nilidhani wewe ndiye unafuata."

Nikainama nikaendelea na vishikizo. Vilibaki vingi, na sikuweza kuviona vizuri.